Taa Tatu za Marcellin

Kuna haya inayomlinda mtu na kuna haya inayomwangamiza. Ya kwanza humzuia asiibe, asitukane, asipite mbele ya wakubwa akipepesuka kwa pombe. Ya pili humfunga mdomo pale anapopaswa kusema, "Nisaidieni, hapa sijui." Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akikataa kumfunulia mkunga, mtoto atatokea wapi? Ndipo waliotutangulia wakanena kwamba mficha uchi hazai. Kisa cha Marcellin, mpiga picha wa mjini Bunia, kinatuonyesha ukweli wa maneno hayo. Tena kinatuonyesha kwamba hasara ya anayejificha haimwangukii yeye peke yake.

Marcellin alikuwa na studio katika mtaa wa Mudzipela, chumba kimoja chenye pazia la buluu na benchi la wateja mlangoni. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amewapiga picha maarusi, watoto wa ubatizo, wanafunzi waliofaulu mtihani wa taifa na wazee waliohitaji picha ndogo za karatasi za serikali. Alikuwa mtu wa watu. Hata mteja aliyeingia amenuna kama mawingu ya masika, Marcellin alijua neno la kumchekesha. Ila alikuwa na donda moja lisilopona: neno "sijui" halikupita kooni mwake. Ukimuuliza njia asiyoijua, alikuelekeza kwa mkono na kwa kidevu, nawe ukapotea. Mkewe, Dorcas, alizoea kusema kwamba mume wake angeweza kuzama katika mto Shari huku akiwaambia watu wa ukingoni kwamba anaoga.

Katika studio hiyo alikuwa amefanya kazi msichana mmoja aitwaye Bijou. Ni Marcellin aliyemfundisha kushika kamera. Baada ya miaka miwili Bijou aliaga, akaenda Kisangani kujifunza kwa mpiga picha mmoja mkongwe, kisha akarudi na kufungua studio yake karibu na soko kuu. Picha zake zikaanza kusemwa mjini. Uso wa mtu ulipata mwanga mwororo upande mmoja na kivuli chepesi upande wa pili, na nyuma, juu ya nywele na mabega, ulipita mstari mwembamba wa nuru kama uzi wa dhahabu. Wateja wa Marcellin walianza kuchepuka mmojammoja. Walimsalimu vizuri barabarani, kisha wakaenda kwa Bijou.

Marcellin alisafiri hadi Kampala. Baada ya siku tano alirudi na taa tatu za flashi, miguu yake ya chuma na miavuli yake myeupe. Aliwaambia watu kwamba alikuwa ameenda kusomea kazi ya taa. Ukweli ni kwamba alikuwa amelala kwa binamu yake, akazinunua taa, akapanda gari. Kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza na Kichina. Alikigeuza mara mbili, akakitia ndani ya droo. Akamwita mchoraji aandike ukutani kwa rangi nyekundu: STUDIO MARCELLIN, BINGWA WA TAA TATU.

Siku alipoziwasha zote pamoja, Dorcas, aliyekuwa amekaa kitini ili ajaribiwe, alitoka pichani mweupe kama aliyejipaka unga wa muhogo. Nyuma yake, ukutani, vilisimama vivuli viwili kama masikio ya punda. Marcellin alipunguza taa ya kushoto, ya kulia ikazidi. Alipunguza ya kulia, ya nyuma ikaingia ndani ya kamera kama jua la saa sita. Juma zima alihangaika nazo kama mtu anayefukuza kuku watatu kwa mara moja. Mwishowe alipata hila. Aliwasha taa moja tu, ile aliyoielewa, na zile mbili akaziacha zimesimama pembeni bila kuwaka. Wateja walikaa katikati ya taa tatu wakajiona wakubwa. Nani angejua?

Bijou alijua. Siku moja alipita kumsalimu bwana wake wa zamani, akamkuta akimpiga picha mwalimu mmoja. Alingoja mwalimu atoke, ndipo akasema kwa sauti ya chini, akimwita Ya, kama wamwitavyo kaka mkubwa:

"Ya Marcellin, hizi flashi ni za muzuri sana. Lakini naona moya tu ndiyo inawaka. Hizi mbili ziko na shida?"

"Haina shida. Ninazipumzisha," Marcellin akajibu.

"Kama unataka, nikuye siku moya tuzipange pamoja. Hata mimi mwanzo zilinisumbua. Nililia, vraiment, kweli kabisa."

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele ya Marcellin, tena bila kubisha. Angalisema neno moja tu, hadithi hii isingalikuwapo. Lakini alihisi damu ikimpanda usoni. Je, chungu cha jana kimfundishe mfinyanzi?

"Bijou," akasema, "weye ulishika kamera mara ya kwanza ndani ya chumba hii. Toka lini yai linafundisha kuku?"

Bijou aliinamisha kichwa. "Pardon, Ya Marcellin," akasema, akaenda zake.

Miezi michache baadaye, wanawake watatu waliingia studioni wamevaa vitenge vya sare. Kiongozi wao alikuwa Mama Hélène, rais wa kamati ya akina mama wa nyumba ya uzazi iliyokuwa mtaani hapo. Walikuja kwa jambo la Mama Suzanne. Hakuna mtu Mudzipela asiyemjua Mama Suzanne. Kwa miaka arobaini na mmoja alikuwa mkunga katika nyumba hiyo, amepokea watoto, kisha akapokea watoto wa watoto hao. Sasa alikuwa amepewa retreti, amestaafu, na binti yake alitaka kumchukua akaishi naye Nyankunde.

"Tunataka foto mukubwa, ya metri moya," Mama Hélène alieleza. "Tutaitundika mulangoni, ili kila mama anayeingia aione. Tunataka Mama Suzanne akiwa amesimama na robe yake nyeupe, na ule mwangaza nyuma ya kichwa, kama katika zile foto za Bijou. Kusema kweli, siye tulitaka kwenda kwa Bijou. Mama Suzanne ndiye alikataa. Alisema, 'Muende kwa Marcellin, ule ni mutoto wangu.'"

Marcellin alitabasamu, akaitupia jicho ile taa ya nyuma isiyowaka.

"Utaweza?" Mama Hélène aliuliza.

"Mama Hélène, hiyo ni kazi ya dakika kumi."

Mama Suzanne alifika siku ya Alhamisi asubuhi, na wanawake wa kamati karibu kumi walimsindikiza ili waone. Alikuwa na miaka sabini na minne lakini alisimama wima kama mlingoti. Robe yake nyeupe, gauni lake la ukunga, ilikuwa imepigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata kidole. Alivaa miwani. Alimtazama Marcellin kutoka kichwani hadi miguuni.

"Weye ulikuya na miguu mbele," akasema. "Mama yako aliteseka siku mbili. Nilisema huyu mutoto atakuwa mubishi. Haya, nisimame wapi?"

Wanawake wakacheka. Marcellin pia alicheka, akamsimamisha mbele ya pazia. Siku hiyo hila ya taa moja isingefaa, kwa maana uzi wa dhahabu hauji bila taa ya nyuma. Aliwasha zote tatu, akazifungua hadi mwisho wa nguvu zake, akaomba Mungu.

Picha ya kwanza ilikuwa nyeupe tupu. Ya pili, nusu yake ilikuwa nyeusi kama iliyokatwa kwa panga. Alizungusha vifundo vya taa, akasogeza mwavuli huku, akaurudisha kule. Robe nyeupe iliumeza mwanga wote ikawa shuka lisilo na vifungo wala kola. Alipojaribu kuituliza robe, uso mweusi wa mama ulitumbukia gizani. Alipojaribu kuurudisha uso, miwani iliwaka kama sahani mbili za bati. Jasho lilimtiririka mgongoni. Dakika kumi zikawa saa nzima, saa nzima ikawa saa mbili. Wanawake, waliokuwa wakiimba, walinyamaza.

"Marcellin," Mama Suzanne aliita bila kugeuza shingo, "iko shida?"

Mlango wa kukiri ulifunguliwa mbele yake kwa mara ya pili.

"Hapana, Mama. Ni mataa tu yanatafuta nafasi yake."

"Kama iko shida, sema. Mimi nitarudi hata kesho. Gari ya Nyankunde ni ya Jumamosi."

"Hakuna shida, Mama. Imeisha!"

Akabonyeza mara tatu za mwisho. Kisha akazifunika pembe za kioo kidogo cha kamera kwa kiganja, akawaonyesha wanawake picha moja ambayo, kwa udogo wake, ilifanana na picha. Walipiga vigelegele. Mama Suzanne alikaa kwenye benchi akaanza kusugua magoti. Alikuwa amesimama saa mbili bila kulalamika, na magoti yake yalikuwa ya mwanamke wa miaka sabini na minne. Marcellin alimwona, akageuka kukunja nyaya.

Alasiri hiyo alizifungua picha kwenye kompyuta. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Pua ya mama ilitupa vivuli viwili, kimoja kila shavu, vikakutana juu ya mdomo kama masharubu. Ngozi yake, iliyokuwa nyeusi ya kung'aa, ilikuwa na rangi ya majivu. Macho hayakuonekana kabisa. Dorcas alisimama nyuma yake na bakuli la ugali mkononi, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama Suzanne bado yuko Bunia," alisema. "Mwite kesho. Na mwite Bijou akusaidie."

"Watu watasemaje? Bingwa wa taa tatu ameitisha msaada?"

"Watasema siku moja, watachoka."

"Nitazitengeneza kwenye kompyuta," Marcellin akajibu. "Kuna mbinu."

Ijumaa ilipita. Jumamosi Mama Suzanne alipanda gari, akaenda. Nyankunde si mbali na Bunia. Mtu huweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na sherehe ya kutundika picha ilipangwa baada ya majuma matatu. Kila asubuhi Dorcas alimwambia, "Nenda." Kila asubuhi Marcellin alijibu, "Kesho." Aliipaka ile ngozi ya majivu rangi ya kahawia, uso ukawa kama kinyago cha nta. Alifuta masharubu ya kivuli, na mdomo nao ukapotea kidogo. Macho ndiyo yaliyomshinda, kwa sababu mahali yasipokuwapo macho, hakuna rangi inayoweza kuyaleta.

Hapo Marcellin alifanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka hutazama chini. Alitafuta katika picha zake za zamani, akaipata picha ya kitambulisho ya shangazi yake, mwanamke wa umri uleule. Akayakata macho ya shangazi. Akayapachika katika uso wa Mama Suzanne.

Siku ya sherehe, ua wa nyumba ya uzazi ulijaa. Kulikuwa na wanawake wenye watoto migongoni, kwaya, mchungaji na wauguzi. Mama Suzanne mwenyewe hakuwepo, na Marcellin, aliyekuwa ameogopa sana kukutana naye, alishusha pumzi. Badala yake alikuja mjukuu wake Viviane, muuguzi kijana aliyekuwa akimtunza Nyankunde. Alikuwa amesimama kando ya Mama Hélène, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri.

Pazia likavutwa. Vigelegele vilianza, kisha vikafa njiani, kimoja kimoja, kama mataa ya mtaa umeme unapokatika. Wanawake waliitazama picha. Walitazamana. Mtu alikohoa.

Viviane alisogea karibu hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Hii si macho ya koko," alisema, akimtaja bibi yake.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia. Alimgeukia Marcellin.

"Koko yangu iko na doa ndani ya jicho la kushoto. Mimi namutilia dawa kila siku. Hii jicho haina doa." Akainyooshea picha kidole. "Ya Marcellin, hii macho ni ya nani?"

Ni swali gani kwa mpiga picha! Marcellin alitamani ardhi ya ua ule ipasuke immeze. Alimtazama Dorcas, na Dorcas alikuwa ametazama viatu vyake. Uongo wote aliokuwa ameuzoea ulimkimbia kama nzige waliofukuzwa.

"Ni ya shangazi yangu," akasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Laiti wangempigia kelele! Mama Hélène alifungua kitenge chake cha pili kutoka kiunoni, akaenda hadi kwenye picha, akaifunika taratibu kama wanavyofunika maiti. Kisha akamwambia Viviane, "Mwanangu, tutamwomba Mama Suzanne akuye tena, apigwe foto ingine."

Viviane alitikisa kichwa, machozi yakaanza kumtoka.

"Hamujasikia? Siku ya Jumatatu koko alianguka. Stroki ilimupiga. Mukono wa kuume haufanye kazi, mudomo umepinda. Hasimame tena."

Majuma matatu yote Mama Suzanne alikuwa ameweza kusimama, isipokuwa siku nne za mwisho. Marcellin alizihesabu siku hizo akiwa amesimama pale, mbele ya watu wote, na kila moja ilimchoma kama sindano. Yule mwanamke wa kusimama wima, mwenye robe iliyopigwa pasi, hakuwepo tena popote duniani, wala katika picha. Marcellin ndiye aliyekuwa na funguo za kumhifadhi, akazitupa kwa kuona haya.

Alifunga studio. Siku ya kwanza alipotoka kununua mkate, muuza nyanya mmoja alimwona, akajifunika macho kwa viganja viwili, akapaza sauti, "Marcellin anapita, muchunge macho yenu!" Watu walicheka. Marcellin naye alijaribu kucheka, sauti ikatoka kama kikohozi. Alirudi nyumbani bila mkate. Akalala akiukabili ukuta. Siku ya nne Dorcas aliketi pembeni ya kitanda.

"Sasa Bunia yote imeona," alisema. "Unaficha nini tena, baba?"

Marcellin alikaa, akaosha uso, akapiga moyo konde. Akatembea hadi karibu na soko kuu. Bijou alikuwa akimpiga picha mtoto mchanga. Marcellin aliketi kwenye benchi la wateja kama mteja yeyote, akangoja zamu yake. Wateja wengine walimtambua, wakagusana viwiko. Hakuondoka. Bijou alipobaki peke yake, Marcellin alisimama.

"Bijou," akasema, akasogea hatua moja mbele. "Bijou, zile flashi. Mimi sijui kuzitumia. Sikujua tangu siku ya kwanza. Kampala sikusoma kitu. Nilikutukana na weye ulikuya kunisaidia. Nakuomba, unifundishe."

Bijou hakucheka. Alifuta kamera yake polepole kwa kitambaa.

"Ya Marcellin," akasema, "miezi hii yote nilingoja hiyo neno. Twende."

Studioni kwa Marcellin, Bijou alimweka Dorcas kitini amevaa blauzi nyeupe. Marcellin alinyoosha mkono awashe taa, Bijou akamzuia.

"Zima zote. Weye unaziwasha zote tatu, kisha unauliza nani anaharibu. Utajua namna gani? Watu watatu wakisema kwa mara moya, unasikia nani?"

Akawasha moja, juu kidogo, upande wa kushoto. Akaishusha nguvu hadi kila kifungo cha blauzi kikaonekana, kisha akamwonyesha Marcellin namna shavu la Dorcas lilivyong'aa bila kugeuka majivu. "Hii ndiyo mama wa nyumba," akasema. "Usimuguse tena." Ndipo akawasha ya pili upande wa kulia, kwa nusu ya nguvu, akairudisha hatua mbili nyuma. Kivuli kililainika bila kutoweka. Ya tatu aliiweka nyuma, kwa nguvu kidogo sana, akaiinua hadi uzi wa dhahabu ukapita juu ya nywele. Dorcas alivaa miwani ya kuazima, na Bijou akainua taa ya kwanza kidogo, akamwinamisha kidevu, sahani za bati zikatoweka.

Ilikuwa kazi ya robo saa. Marcellin aliitazama picha ile, akafunika uso. Kitu kilichokuwa kimemgharimu Mama Suzanne picha yake kilikuwa kidogo hivyo! Alirudia mwenyewe siku sita mfululizo, Bijou akikosoa, hadi mikono yake ikaelewa.

Siku ya saba alizifunga taa ndani ya blanketi, akapanda pikipiki kwenda Nyankunde.

Mama Suzanne alikuwa ameketi barazani kwa binti yake, katika kiti cha mbao chenye mito. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Marcellin alipiga magoti sakafuni. Mama ndiye aliyeanza, kwa maneno mazito yaliyotoka moja moja.

"Ile siku. Ulikuwa hujui?"

"Sikujua, Mama."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mama."

"Nilikuambia nitarudi kesho."

"Uliniambia." Machozi yalimdondoka kwenye saruji. "Niliona haya, Mama."

Mama Suzanne alimtazama kwa jicho lile lenye doa. "Miguu mbele," akasema, na upande mmoja wa uso wake ukacheka. Kisha akaita, "Viviane. Leta robe."

Marcellin alipanga taa moja baada ya nyingine, bila haraka. Alipokuwa akiishika ya pili, Viviane alimsogelea, akanong'ona:

"Ya Marcellin, unaweza kuweka giza upande huu? Wasione mudomo wa koko."

Aliweza. Sasa alijua vizuri sana namna ya kufanya hivyo. Alitakiwa kuizima taa ile tu, na nusu ya uso ingezama kivulini. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifundo. Lakini masikio ya mkunga yalikuwa hayajapigwa na kiharusi.

"Hapana," Mama Suzanne alisema. "Miaka makumi ine na moya niliwaambia wanawake, mufunue nione. Waliokataa kwa haya, wengine nilizika watoto wao. Leo mimi nijifunike? Washa."

Marcellin akaiwasha.

Picha hiyo ndiyo iliyotundikwa leo mlangoni mwa nyumba ya uzazi. Ni picha nzuri. Hata Bijou alikiri kwamba hangeipita. Robe ina vifungo vyake vyote, ngozi inang'aa, uzi wa dhahabu unapita juu ya mvi, na doa katika jicho la kushoto linaonekana. Lakini mama ameketi, hakusimama kama walivyoomba, na mdomo wake umepinda. Ukutani kwa studio, maneno mekundu yalifutwa, yakabaki mawili: STUDIO MARCELLIN.

Kila mara mama mgeni anapoingia pale huuliza kama Mama Suzanne alikuwa hivyo siku zote. Juzi mmoja aliuliza hivyo Marcellin akiwa hapo hapo, amekuja kupiga picha ya mapacha. Mama Hélène alifungua kinywa ajibu kwa niaba yake, kwa huruma. Marcellin alimtangulia.

"Hapana, mama," akasema, ingawa masikio yalimwaka moto. "Alikuja kwangu akiwa muzima, akasimama saa mbili mbele yangu. Foto hiyo haipo, kwa sababu mimi niliona haya kusema sijui."

Yule mama alimtazama, akaitazama picha, akampakata mwanawe vizuri, akaingia ndani. Marcellin alibaki mlangoni na kamera yake shingoni, macho chini. Wazee hawakukosea hata neno moja: mficha uchi hazai.